Mgeni Angani, Mwenyeji Kiti cha Kulia

Rubani wa Afrika Mashariki anayekwenda Marekani kumtembelea ndugu au kuhudhuria mahafali ya mwanawe hugundua upesi kwamba kule ndege ndogo hukodishwa kwa saa, karibu kila mji. Viwanja vidogo vimetapakaa, vilabu na shule za urubani ni nyingi, na Cessna 172 ileile aliyoizoea nyumbani imeegeshwa, inamsubiri yeyote mwenye sifa na fedha. Hapo ndipo anapojiuliza: nihangaike nipate karatasi za kuniruhusu kuruka peke yangu, au niongeze fedha kidogo mwalimu akae kiti cha kulia? Wengi wetu tuliokwisha kuhitimu hukiona kiti kile kuwa ni cha enzi za uanafunzi, na kurudi kuketi kando ya mwalimu huonekana kama kushushwa cheo. Miaka ya kuruka, nyumbani na ugenini, imenifikisha kwenye msimamo mwingine kabisa. Mgeni, hata awe na leseni safi, saa nyingi kitabuni na kila karatasi halali, akodi ndege pamoja na mwalimu mwenyeji. Tena amtafute kwa hiari yake, asimpokee kama sharti la bima. Nasema mwenyeji kwa makusudi, na sababu yake itaonekana mbele.

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiyo huwachanganya watu kwanza. Mkataba wa Chicago, uliotiwa saini Desemba 1944 na ambao hadi leo ndio msingi wa usafiri wa anga duniani, unasema katika kifungu chake cha 32 kwamba rubani wa ndege inayosafiri kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kuthibitishwa na nchi iliyoisajili ndege hiyo. Kwa hiyo leseni hufuata usajili wa ndege, haifuati uraia wa rubani wala ardhi anayoruka juu yake. Mwenye leseni ya Kenya anayerusha ndege yenye alama 5Y kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Kigoma hahitaji leseni ya Tanzania; mtu huyohuyo akifika New Jersey akakabidhiwa ndege ambayo usajili wake unaanza na herufi N, leseni yake peke yake haimfanyi kuwa rubani mkuu. Marekani imeweka njia ya kulitatua hilo. Mgeni huomba kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi hiyo, FAA, nayo huwauliza walioitoa leseni, iwe KCAA ya Kenya au TCAA ya Tanzania, kama ni ya kweli na haijasimamishwa. Jibu likipatikana, mwombaji hupewa barua inayodumu miezi sita, huenda nayo mbele ya ofisa au mtahini, na hutoka na cheti cha Kimarekani cha urubani binafsi kinachoegemea leseni yake ya nyumbani. Kisha, kabla ya kuruka akiwa rubani mkuu, sharti apitishwe na mwalimu katika marejeo yasiyopungua saa moja ya darasani na saa moja ya angani. Ni njia ya haki, lakini huchukua wiki au miezi, na mgeni aliyekuja kwa likizo fupi hana muda huo. Njia fupi ipo, nayo ni halali: mwalimu awe ndiye rubani mkuu, mgeni ashike usukani, na saa ziandikwe kitabuni kuwa ni za kufundishwa. Wapo wanaomchukua mwalimu kwa ajili hiyo tu, ili wasihangaike na makaratasi. Siwalaumu, ila hiyo ndiyo sababu ndogo kuliko zote, na anayeishia hapo hatamuuliza mwalimu wake lolote la maana.

Chukua safari ambayo karibu kila rubani mgeni anayefika New York huitamani: kushuka na mto Hudson kando ya Manhattan hadi Sanamu ya Uhuru. Anga ya juu ya jiji hilo ni ya ndege kubwa zinazoingia na kutoka JFK, LaGuardia na Newark, na huwezi kuiingia bila idhini ya waongozaji. Lakini juu ya mto umeachwa uchochoro, kuanzia usawa wa maji hadi futi 1,300, ambamo ndege ndogo na helikopta hupita bila kuzungumza na mnara wowote. Paa la One World Trade Center liko futi 1,368 juu ya ardhi. Maana yake, hata ukiruka kwenye dari kabisa ya uchochoro huo, kulitazama paa lile ni kuinua macho. Anayekwenda kusini hubana ukingo wa New Jersey, anayekwenda kaskazini hubana ukingo wa Manhattan. Kasi isizidi noti 140, yaani karibu kilomita 260 kwa saa, taa ziwashwe, ramani ya eneo hilo iwemo ndani ya ndege na rubani awe ameielewa. Hakuna anayekuongoza. Kila rubani hujitangaza mwenyewe katika masafa 123.05, akitaja aina ya ndege, mahali alipo, anakoelekea na kimo chake, na mahali penyewe hutajwa kwa alama zinazojulikana: mnara wa Alpine, daraja la George Washington, meli ya makumbusho Intrepid, Sanamu ya Uhuru, daraja la Verrazzano. Siku ya mapumziko yenye jua, majina hayo hutajwa moja juu ya jingine, upesi na kwa lafudhi ya pale, huku helikopta zikiinuka kutoka gatini na kuingia mtoni kutoka ubavuni. Mgeni aliyeisoma ramani usiku kucha atalijua jina la Intrepid. Kuitambua meli yenyewe mapema, katikati ya magati yanayofanana, huku sikio moja likifuatilia ni nani aliye nyuma yake, ni kazi nyingine.

Taratibu hizi hazikuanza kama amri. Nyingi zilikuwa mapendekezo ya hiari mpaka tarehe 8 Agosti 2009, siku ambayo ndege aina ya Piper iliyotoka Teterboro, New Jersey, iligongana na helikopta ya watalii juu ya Hudson. Watu tisa walikufa: watatu wa kwenye ndege, rubani wa helikopta na wageni watano kutoka Italia. Bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, NTSB, ilitaja miongoni mwa sababu upungufu wa asili wa utaratibu wa kila rubani kumwona mwenzake na kumkwepa. Novemba ya mwaka huohuo mapendekezo yakageuzwa kuwa sheria, na anga ya mto ikagawanywa ili wanaopita tu wakae juu na wanaozungukazunguka wakae chini ya futi 1,000. Nalitaja tukio hili si kwa ajili ya kuwatisha watu wasiende. Safari ile ni miongoni mwa mambo mazuri anayoweza kuyafanya mtu mwenye leseni. Nalitaja kwa sababu linaonyesha usalama wa mahali pale unategemea nini. Unategemea macho manne badala ya mawili, na sikio lililozoea kusikia kitu kinachokosekana: helikopta ambayo kwa kawaida ingekuwa imeshajitangaza na haijasikika. Ramani haichori kisichosikika. Mwenyeji hukitambua.

Kuna pia mambo madogo zaidi, yanayokaa mikononi kuliko kichwani, na hayo ndiyo huniaminisha zaidi. Katikati ya dashibodi ya Cessna, kando ya kitufe cheusi cha nguvu ya injini, kuna kitufe chekundu kinachorekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo sisi tuliojifunzia pale tunakivuta kitufe hicho nje kidogo kabla ya kuruka, tukisikiliza injini mpaka itoe sauti yake bora. Bila hivyo mafuta yanazidi hewa na injini inakosa nguvu tunayoihitaji. Tunalifanya jambo hili kila siku hadi mkono hauombi tena ruhusa kwa akili. Sasa umpeleke rubani huyo Linden, uwanja wa New Jersey ulio futi chache tu juu ya bahari. Pale kitufe chekundu husukumwa ndani mpaka mwisho wakati wa kuruka. Mkono wa Nairobi ukikivuta kwa mazoea, injini itakwenda kwa nguvu zote ikiwa na mafuta pungufu, silinda zitapata moto kupita kiasi, na madhara yake hayaonekani mpaka yamekwisha kutokea. Hakuna mtihani wa maandishi unaoweza kuusahihisha mkono. Anayeuona mkono ukielekea kwenye kitufe ni mtu aliyeketi sentimita chache kando yake, na neno lake moja linatosha.

Mambo ya jinsi hiyo ni mengi. Nyumbani mwongozaji hukupa shinikizo la hewa kwa hektopaskali, namba ya elfu moja na kitu. Kule hukupa kwa inchi za zebaki, ishirini na tisa au thelathini na vipande vyake, na dirisha la altimita lazima lisomwe kwa jicho jipya. Tumezoea kuwasilisha mpango wa safari ndipo tuondoke. Kule, anayeruka kwa kutazama nje hali ya hewa ikiwa njema, halazimiki kwa safari nyingi, na matokeo yake ni kwamba huenda pasiwe na mtu yeyote anayekutarajia popote. Na yupo adui ambaye rubani wa Mombasa au Zanzibar hajawahi kukutana naye kwenye kiwanja cha nyumbani: sakitu. Asubuhi ya Novemba bawa la ndege iliyolala nje huwa na utando mweupe usiozidi ukali wa karatasi ya msasa, na mgeni anaweza kuudhani kuwa ni umande ulioganda ambao utapeperushwa na upepo. Utando huo unaweza kuliondolea bawa hadi asilimia 30 ya uwezo wake wa kuinua. Mwenyeji hapandi ndani kabla ya kuupangusa wote, kwa vidole akihakikisha kuanzia ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Ukimwuliza kwa nini ana subira hivyo, anaweza hata kushangaa, kwa jinsi jambo hilo lilivyo la kawaida kwake.

Isidhaniwe kwamba nasema rubani wetu ni duni. Ugenini unamdai kila mtu, na yeyote anayeshuka Wilson kutoka Ulaya ana deni lilelile. Kukiwa na nyuzi joto 25 pale, injini na bawa hufanya kazi kana kwamba ziko karibu futi 8,000, na injini isiyosaidiwa na tabo inakuwa na takriban robo tatu tu ya nguvu zake. Rubani aliyezoea kutua na kupaa katika viwanja vya pwani ya Uingereza ataona njia ya kurukia inakwisha huku ndege haijataka kuinuka, na mkono wake utaivuta pua juu mapema, jambo ambalo ndilo baya kuliko yote. Kisha kuna milima. Tarehe 19 Julai 2003 ndege ya kukodi, yenye marubani wawili kutoka Afrika Kusini, iliondoka Wilson na abiria 12 wa Kimarekani kwenda Samburu, ikagonga Mlima Kenya karibu na Point Lenana, kilele chenye urefu wa mita 4,985. Hakuna aliyepona. Hao walikuwa watu wa kazi, katika ndege kubwa kuliko hizi tunazozungumzia. Mlima ule umesimama karibu na njia ya kutoka Nairobi kwenda Samburu, nao hujifunika mawingu siku nyingi kabla ya saa sita mchana. Mtoto wa Nanyuki anajua hilo. Ujuzi wa urubani na ujuzi wa mahali ni vitu viwili, na kuwa na cha kwanza kwa wingi hakukupi hata punje ya cha pili.

Hapa atasimama mwenye pingamizi zito, nalo ndilo ningelitoa mimi mwenyewe kama ningekuwa upande wa pili. Mwalimu kuwemo ndani si dawa. Tarehe 11 Oktoba 2006, Cory Lidle, mchezaji wa besiboli wa New York Yankees, aliruka kutoka Teterboro kwa ndege yake aina ya Cirrus SR20 akiwa na mwalimu wa urubani kando yake. Walishuka na Hudson, wakaizunguka Sanamu ya Uhuru, wakaingia East River, mto wa upande wa pili wa Manhattan. Uchochoro wa mto ule ulikuwa unaishia karibu na kisiwa cha Roosevelt: mbele yake ni anga ya LaGuardia, na asiye na idhini hana budi kugeuka. Wakageuka kushoto. Mto pale ulikuwa na upana wa futi 2,100 hivi, upepo ulikuwa ukivuma kutoka mashariki ukiisukuma ndege kuelekea majengo, na wao walianzia mgeuko wao katikati ya mto badala ya kubana ukingo wa mashariki kwanza. Nafasi haikutosha. Ndege iligonga jengo la ghorofa kwenye mtaa wa 72 na wote wawili wakafa. NTSB iliona sababu ni upungufu wa mipango, uamuzi na ufundi katika kugeuka ndani ya nafasi finyu, wala haikuweza kubaini ni yupi kati yao aliyekuwa ameshika usukani. Basi mwalimu alikuwa na faida gani?

Jibu langu limo ndani ya maelezo hayohayo. Mwalimu yule makazi yake na kazi yake vilikuwa California, ng'ambo ya pili ya bara, na Lidle naye nyumbani kwake kulikuwa California. Sisemi hakuwa mwalimu hodari. Nasema kwamba ndani ya ndege ile walikuwemo watu wawili na wote walikuwa wageni wa mto ule, na cheti cha ualimu hakimgeuzi mgeni kuwa mwenyeji. Aliyezoea East River wa miaka ile alijua kabla ya kuingia kwamba unaishia kwenye ukuta wa hewa, na angeanza kuufikiria upepo akiwa bado chini, maana upepo ukitoka mashariki, upande ambao ndege inaanzia mgeuko ndio unaoamua kama nafasi ipo. Kwa hiyo ajali ile, badala ya kuivunja hoja yangu, inainoa: mtu wa kumkodi ni yule anayeruka pale wiki hadi wiki, na leseni aliyonayo inakuja baada ya hilo. Tena inaongeza fundisho ambalo mwanzoni sikulipa uzito wa kutosha katika mazungumzo na wenzangu. Watu wawili wenye uwezo wa kurusha ndege wanaweza kuwa na usalama mdogo kuliko mmoja, pale ambapo haijasemwa waziwazi nani anashika na nani anatazama. Kila mmoja hudhani mwenzake ameona. Siku mbili baada ya ajali, FAA ilizuia ndege za mabawa kupita East River bila kuwasiliana na waongozaji.

Pingamizi la pili haliandikwi mara nyingi lakini ndilo lenye nguvu zaidi moyoni: heshima. Mtu ameipata leseni kwa jasho na gharama kubwa, na sasa anaambiwa arudi kusimamiwa. Namwelewa kabisa, kwa kuwa kuruka peke yako kuna furaha ambayo kuruka na mwenzako hakuwezi kuileta. Lakini hisia hiyo ni mshauri mbaya mahali pageni. Jioni ya tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy Mdogo, mwana wa rais wa Marekani mwenye jina hilo, aliondoka Caldwell, uwanja wa New Jersey ambako hadi leo watu hukodi ndege za kupita Hudson, kuelekea kisiwa cha Martha's Vineyard akiwa na mkewe na shemeji yake. Alikuwa na takriban saa 310 za kuruka. Kwa mujibu wa ripoti ya uchunguzi, mwalimu mmoja alijitolea kwenda naye usiku ule, naye akasema alitaka kwenda peke yake. Juu ya bahari, gizani, katika ukungu mwembamba uliofuta mstari wa upeo, alipoteza uwezo wa kujua juu ni wapi na chini ni wapi, na ndege ikaingia majini pamoja na wote watatu. Hakuwa mgeni wa njia ile. Usiku na ukungu ndivyo vilivyoigeuza kuwa ugeni.

Mabaharia wamelimaliza suala hili la heshima zamani. Nahodha wa meli ya makontena aliyevuka Bahari ya Hindi na kuzijua bandari za mabara yote, akifika mlangoni mwa Kilindini husimama na kumsubiri rubani wa bandari apande. Ni lazima, si hiari. Rubani yule hana uzoefu wa bahari kuu kama wa nahodha, wala haichukui meli kutoka kwake. Dhamana ya meli inabaki kwa nahodha. Anachokileta ni mkondo, mwamba, kina cha siku ile na tabia ya upepo kati ya kuta za mlango. Sijasikia nahodha aliyeona kwamba amevunjiwa heshima. Angani, kwa ndege ndogo, hakuna anayekulazimisha hivyo, na kwa sababu hiyo rubani inabidi ajilazimishe.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Katika eneo la New York saa moja ya Cessna 172 pamoja na mafuta ni karibu dola mia mbili au zaidi, na mwalimu huongeza kiasi kinachokaribia nusu ya hapo. Si kidogo kwa anayelipwa kwa shilingi. Lakini hesabu ya kuruka peke yako nayo ina vipengele ambavyo watu huvisahau: muda wa kushughulikia cheti, marejeo ambayo kwa vyovyote hufanywa na mwalimu huyohuyo kwa malipo, ukaguzi wa klabu kabla ya kukabidhiwa ndege, na bima. Bima ya mwenye ndege humlinda mwenye ndege kwanza; kampuni ikishamlipa inaweza kumgeukia aliyekodi na kumdai, na ndiyo maana wengi wanaokodi ndege kule hununua bima yao wenyewe. Mgeni anayetaka kuruka mara moja au mbili akijumlisha yote hayo ataona kwamba mwalimu ndiye rahisi. Anayekaa mwaka mzima kwa masomo au kazi hesabu yake ni tofauti, na huyo namshauri afuate njia ya cheti tangu wiki ya kwanza, kisha awe na mwalimu kwa safari za mwanzo tu, mpaka mahali pamzoee.

Wapo pia wanaohofia kwamba mwalimu ataichukua safari yote mikononi mwake, na mgeni atabaki abiria aliyelipa. Hofu hii ina msingi. Walimu wengi katika shule za Marekani ni vijana wanaokusanya saa ili wafike 1,500 zinazodaiwa na mashirika ya ndege. Baadhi yao ni wepesi wa kushika usukani kuliko kueleza, na wengine ni wapya wa eneo lenyewe kama wewe. Dawa yake si kumkimbia mwalimu, ni kumchagua. Mpigie simu siku kadhaa kabla, umweleze unatoka wapi, umezoea ndege gani, kimo gani na hali ya hewa gani, ili ajue mikono yako itakosea wapi. Mwombe mkae na ramani nusu saa kabla ya kwenda kwenye ndege, na umwachie azungumze zaidi. Kubalianeni chini, injini ikiwa kimya, nani ni rubani mkuu, nani anajibu redio, na maneno gani yatatumika kukabidhiana usukani, yasemwe na kurudiwa na wote wawili. Mwambie akuache ukosee madogo na akuzuie kwenye makubwa, na mtaje makubwa ni yapi. Na kabla ya yote hayo mwulize swali moja lisilo la utovu wa adabu: mara ya mwisho kupita uchochoro wa Hudson ni lini? Akikujibu kwamba ni juzi, na akaanza mwenyewe kukueleza helikopta hutokea gati gani na upepo wa leo unavuma ukingo upi, mlipe na mwende. Akikujibu kwamba hajapita pale tangu mwaka jana, tafuta mwingine, au chagueni siku hiyo bonde la kaskazini, juu ya Alpine kuelekea Poughkeepsie, ambako mto ni uleule, milima ni ya kupendeza, na nafasi ya kugeuka ipo tele.